Bizimu Lililokataa Kuachia

Amani iwe kwenu nyote, mliokaa kwenye mabenchi na ninyi mliosimama kule mlangoni na watoto mgongoni.

Mimi nilikuwa mtu ambaye hakuna kitu kingeweza kumshangaza. Nimezaliwa hapa hapa Isansa, wazee mnanikumbuka. Niliacha shule darasa la nne, nikaingia Tunduma na kandambili za rangi mbili, moja nyekundu moja ya kijani. Pale mpakani nimeona lori lenye tela likirudi nyuma lenyewe mteremkoni, dereva analikimbilia na chai mkononi, na mimi nikaendelea kula mhogo wangu. Nimeona mtu akiingia mjini tajiri asubuhi, jioni anaomba nauli. Nilianza na brashi moja ya viatu, leo nina karakana, nina mashine ya kuchomelea, nina nyumba yenye bati la rangi. Sijafundishwa na mtu. Nikajiambia, mimi kushangaa nimemaliza.

Mchungaji amenipa dakika kumi. Ananifahamu, ndiyo maana amekaa mbele na saa yake. Nimeandika kwenye daftari ili nisipotee njiani. Majina ya watu sitataja, maana aibu ninayoisimulia ni yangu peke yangu.

Wapendwa, habari yenyewe ni ya bizimu. Bizimu ni kile chuma cha kufungia mkanda, hicho hicho ulichonacho kiunoni. Hakuna anayekifikiria mpaka suruali ishuke. Kwa mwenye punda ni zaidi ya suruali. Punda anavuta mkokoteni kwa mkanda wa kifuani, na mkanda ule unashikwa na bizimu. Likifunguka mlimani, mkokoteni unarudi nyuma na mahindi yako yote. Mabizimu ya dukani yalikuwa ya bati laini, ulimi wake unapinda, tundu za mkanda zinachanika. Wenye punda walikuwa wanakuja kwangu wanalia.

Nikakaa nikafikiri. Hapa nitajisifu kidogo, mnisamehe, kazi ilikuwa nzuri. Nilichukua chuma cha springi za lori, kile kisichochoka. Nikatengeneza bizimu lisilo na ulimi wala tundu. Vipande viwili vyenye meno, mkanda unapita katikati, na kadiri mzigo unavyovuta ndivyo meno yanavyouma. Mkanda wenyewe nikaukata kwenye mpira mzito wa migodini unaoletwa na jamaa mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akifika na mzigo wake ananisalimu, "Mulishani, bakalamba," maana yake hujambo, mkubwa, na mimi nilikuwa napenda sana hilo la mkubwa. Mpira ule hata panga linauparaza tu. Nikaandika kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa karakana: LIKISHIKA LIMESHIKA.

Ndugu zangu, niliuza mabizimu mia moja thelathini na saba. Ileje, Mbozi, Momba, mpaka Galula kwa wachimbaji. Kila aliyenunua nilimwambia, "Hili halitaachia hata Yesu arudi." Mchungaji, nisamehe. Nilisema hivyo.

Siku moja, saa nne asubuhi, alikuja mama mmoja kutoka Ikinga, kule Ileje. Mjane. Alikuwa amenunua kwangu miezi miwili kabla, akalipa kwa noti ndogo ndogo. Karakana imejaa watu, mafundi na wale wanaokuja kupiga soga. Yule mama akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi taratibu, kama mama zetu wanavyosalimia.

"Habari za hapa, baba?"

"Nzuri, mama. Karibu. Umefuata la pili?"

"Hapana, baba. Nimekurudishia hili."

Akatoa mkanda kwenye kikapu, akauweka juu ya jiliwa langu, kile chombo cha kubania chuma. Nikalikagua bizimu. Zima, halina hata mkwaruzo.

"Sasa lina kasoro gani?"

"Halina kasoro," akasema. "Limeshika. Limeshika mpaka punda amekufa."

Akaeleza pale pale akiwa amechuchumaa, bila kupandisha sauti. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona ya mteremko gurudumu moja la mkokoteni lilitoka njiani, mkokoteni ukaning'inia kwenye ukingo, ukamvuta punda akaanguka. Mkanda wa kifuani ukapanda shingoni. Bizimu langu ili lifunguke lazima mkanda ulegee kwanza, na mkanda ungelegeaje wakati mkokoteni mzima unauvuta?

"Nilivuta kwa mikono. Nikavuta kwa meno. Nikajaribu kuukata na jembe. Mkanda wako haukatiki, baba, uliniambia mwenyewe. Basi nikamshika kichwa mpaka akanyamaza. Miti ya mkokoteni ilipovunjika ukaenda bondeni, ndipo mkanda ukalegea."

Sasa nawaambia nilichomjibu. Nimekisema mbele ya Mungu nikiwa peke yangu, leo nakisema mbele yenu. Nilimwambia, "Mama, hukulifunga sawasawa."

Na jamaa mmoja kwenye benchi akadakia, "Punda wa Ileje hao, wanakufa kwa uvivu!" Watu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Yule mama akafunika kikapu chake. Akapiga tena makofi ya kuaga, akainuka, akaenda kutafuta gari la kumrudisha kwao. Mkanda ukabaki juu ya jiliwa. Kwenye meno ya bizimu zilikuwa zimenasa nywele za punda, za kijivu. Nikazitoa na tupa, nikaendelea na kazi.

Jioni nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Hakucheka. Aliweka mwiko chini.

"Mume wangu, hilo bizimu ulilijaribu kwa punda aliyeanguka?"

"Punda wangu hawaanguki."

"Huna punda," akasema.

Wapendwa, mwanamke akikwambia neno la maneno mawili, usilale nalo. Maana kuanzia hapo nikawa naona hesabu moja kichwani. Lile moja limerudi. Mia moja thelathini na sita yako milimani, yamefungwa kwenye vifua vya wanyama wa watu. Mvua ndiyo kwanza inaanza. Punda akianguka tu popote pale, kuna mtu atavuta kwa meno.

Lakini mimi ni mimi. Sikusema nimekosea. Nilisema nitakwenda Ikinga nikathibitishe kwamba hakulifunga sawasawa. Nikapanda gari, nikamalizia kwa bodaboda, tope mpaka magotini, dereva ananiambia, "Mzee, hapa shuka usukume." Nimevaa viatu vyangu vya ngozi vya kuvalia harusi, ili wanione.

Nilipofika mteremko ule nikaukuta mkokoteni wake bado chini bondeni, magurudumu juu. Nikasimama pale. Njia yenyewe ni nyembamba kama meza, upande huu mlima, upande huu hakuna kitu. Nikaelewa jambo ambalo nikiwa kwenye karakana yangu ya sakafu ya saruji sikuwahi kulielewa, kwamba kuna mahali duniani ambapo kila siku mnyama anaanguka.

Nikiwa bado nimesimama, yule mama akatokea juu na punda wa kuazima, amembebesha magunia mawili ya mahindi mgongoni. Magunia yamefungwa kwa kamba ya katani, bila chuma hata kimoja. Nikacheka moyoni. Nikasema, tazama ushamba.

Wakafika kwenye kona. Punda akateleza.

Miguu ya nyuma ikatoka njiani. Magunia yakaegemea upande wa bonde, kamba ikakaza tumboni ikalia kama gitaa. Punda anakwaruza tope, macho yamemtoka. Mimi nikapiga kelele, "Mkate! Mkate!" sijui hata nilikuwa namwambia nani akate nini.

Yule mama hakukimbia. Alipiga hatua mbili, akapeleka mkono chini ya tumbo la punda, akavuta kijiti.

Ndugu zangu, kijiti! Kirefu kama kalamu. Alikivuta hivi, na vidole vitatu. Nikataka kuhesabu moja, mbili. Sikufika mbili. Kamba zikaachana zenyewe, magunia yakaenda bondeni, na punda akasimama. Akatikisa masikio. Akaanza kula majani.

Mimi nilikaa chini kwenye tope na viatu vyangu vya harusi. Mdomo wazi. Nimeishi Tunduma miaka thelathini na sita, nimeona magari yote ya Afrika yakipita, sijawahi kuona kitu kama kile. Mzigo wote ule, uzito wote ule, umeshikwa na kijiti cha porini, na kimeachia kama mtu anayefungua kiganja.

Baadaye alinionyesha kamba zilivyokuwa. Kamba moja ina kitanzi, kinapenya kwenye kitanzi cha kamba ya pili, na kijiti kinapita katikati kukizuia kisirudi. Hakuna fundo. Kijiti kikiwepo, zimeshikana. Kijiti kikitoka, hazijawahi kujuana.

Mngedhani pale pale nilitubu. Hapana. Hapa ndipo nilipoanguka vibaya zaidi. Nilimsaidia kupandisha magunia, nikanywa maji yake, nikaaga, na neno la punda wake aliyekufa sikulitaja. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeiba kijiti kwa macho, nakikimbiza Tunduma kabla mtu mwingine hajakiona.

Nikafanya kazi msimu mzima wa kupalilia. Nilitengeneza bizimu jipya la vipande viwili vinavyopishana, na katikati yake nikapitisha pini ya chuma badala ya kijiti. Ukivuta pini, vipande viachane. Nikaning'iniza gunia la mahindi kwenye boriti kwa bizimu hilo, nikavuta pini. Haikutoka. Nikavuta kwa koleo. Haikutoka. Nikaisugua, nikaipaka grisi, nikatengeneza nyingine nene, nyingine nyembamba. Zile nyembamba zinapinda, zile nene zinang'ang'ania. Siku moja nikaigonga kwa nyundo kwa hasira, ikaruka, gunia likashuka na mkono wangu uko chini. Kidole hiki hapa, mnaona, kimeishia njiani. Kazi za watu nimeacha, wateja wameondoka, na wale wa soga kwenye benchi wamebadili wimbo: "Fundi, limeshika?" "Limeshika!" wanajijibu wenyewe.

Na habari ikafika kutoka upande wa Galula kwamba punda mwingine ameanguka. Huyo aliponea chupuchupu kwa sababu kulikuwa na wachimbaji sita wakauinua mkokoteni mzima. Sita! Nikafikiri, je, asiye na watu sita?

Nikafunga karakana. Nikaenda Ikinga mara ya pili. Safari hii nilivaa mabuti ya kazi.

Nilimkuta yule mama uani kwake, anapepeta maharage pamoja na mama mkwe wake, bibi mzee sana, hana jino hata moja. Na mimi, mwanaume wa miaka hamsini kasoro, mwenye bati la rangi, nikachuchumaa mbele yao, nikapiga makofi. Kwetu mwanaume hachuchumai kwa mwanamke, mnajua. Ungo ukasimama hewani.

Yule bibi akanitazama, akainama akatazama na chini.

"Mwanangu," akasema, "umedondosha nini?"

"Bibi, nimedondosha vingi," nikasema. Nikamgeukia yule mjane. "Mama, punda wako aliuawa na bizimu langu. Ulilifunga sawasawa. Nilijua siku ile ile. Na nilipokuja hapa niliiba kijiti chako, nikaenda nacho, na kimenikataa. Naomba unisamehe, halafu unifundishe. Ukinisamehe bila kunifundisha, kuna punda wa watu watakufa."

Akauweka ungo chini. Mimi magoti yananiuma, si mazoea. Bibi akasema kwa Kindali neno ambalo sikulipata lote, nikapata tu "mwache akae, atavunjika." Nikaletewa kigoda.

Nikatoa pini yangu mfukoni. Yule mama akaipokea, akaipitisha kati ya vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mara moja tu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kijiti, akaniwekea vyote viwili kiganjani.

"Pitisha vidole, baba."

Nikapitisha. Pini yangu ni nene sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Kijiti chake kinaanza kinene, kinakwenda kinapungua, kinapungua, kama mkia wa panya.

"Chako ukikisogeza kidogo, bado kimejaa vile vile," akasema. "Changu kikisogea kidogo tu, kimeshalegea chote."

Wapendwa, nikapitisha vidole mara ya pili. Mtu aliyesoma angesema ni jambo dogo. Mimi nilikuwa nimepoteza nusu kidole nikilitafuta. Nikakitazama kile kijiti kama vile nimekabidhiwa amri mlimani.

"Nani amekufundisha?" nikauliza.

"Nani angenifundisha? Kila anayefunga mzigo hapa anajua. Huyu bibi anajua. Bibi yake alijua."

"Sasa mbona siku ile karakanani hukuniambia?"

Akaendelea kupepeta. "Ulinipa nafasi, baba?"

Nikaomba niondoke na kile kijiti, mara hii kwa ruhusa. Akanipa.

Nilirudi Tunduma, nikaichonga pini kwa tupa ifuate kijiti, kinene huku, mkia wa panya huku, na kwenye kichwa chake nikafunga kipande cha ngozi cha kushika. Wiki moja tu. Lakini sikulijaribu kwangu. Nililibeba mpaka uani kwa yule mama, maana nilitaka waliofunga punda maisha yao yote ndio waseme. Tukatupa mkanda juu ya boriti ya banda la kahawa. Tukaning'iniza gunia la mahindi. Boriti ikalia. Majirani wakaongeza la pili, wanataka kuniaibisha. Mkanda umekaza kama ubao, na bizimu langu katikati limetulia.

Nikataka kuvuta mwenyewe. Yule mama akasema, "Hapana. Avute bibi."

Bibi akaja kwa fimbo yake. Mikono yake imebaki mifupa mitupu. Nikaogopa kuliko siku ya ndoa yangu. Akashika kile kipande cha ngozi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota ubuyu, akavuta.

Likasema "ta." Dogo hivyo. Magunia mawili yakashuka chini, vumbi likapanda, kuku wakakimbia. Bibi amebaki na pini mkononi anaitazama. Nilisikia mahindi yakimwagika kwenye gunia lililopasuka.

Kisha bibi akasema, "Wapeni na punda wenyewe waone," na vigelegele vikapasua anga. Mimi nililia. Sijui kwa nini nawaficha, nililia kwa sauti. Sikulia kwa sababu nimefaulu, kufaulu nimezoea. Nililia kwa sababu niliona jinsi Mungu alivyokiweka kitu kikubwa namna ile mikononi mwa watu wasioandika chochote mlangoni, kikakaa hapo miaka na miaka, kimya, kinaokoa wanyama.

Baada ya hapo ikabaki kazi ya kuzunguka. Kwa pikipiki nilipita nyumba kwa nyumba, natoa bizimu la zamani, naweka jipya, bure. Mzee mmoja Galula alinikatalia mlangoni. "Bure?" akasema. "Wewe si mtu wa Tunduma? Tunduma hata salamu mnauza. Toka na chuma chako!" Ilibidi nimwite mwanawe anishuhudie, nijifunge mimi mwenyewe ule mkanda begani, mwanawe auvute kwa nguvu zote, ndipo mzee akachomoa pini. Akachomoa mara saba. Ikabidi nimwombe aniachie niondoke.

Mawili sijayapata. Nasema hapa hadharani: kama kuna mtu ana bizimu la meno, lisilo na pini, lenye herufi ya kwanza ya jina langu nyuma yake, anifuate nikitoka mlangoni. Usione aibu, hutalipa. Ila usimfunge mnyama nalo hata siku moja zaidi.

Namshukuru mke wangu kwa maneno yake mawili. Nawashukuru wale wachimbaji sita nisiowajua. Namshukuru bibi, ambaye bado yupo na amesema jino likiota atakuja Tunduma. Namshukuru yule mama wa Ikinga. Nilimwambia bizimu jipya nitaliita kwa jina lake, akasema nisimfungie jina lake kwenye punda wa watu. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kila anayenunua nimfundishe kwanza kulifungua, ndipo nimfundishe kulifunga. Nafanya hivyo. Wateja wananicheka, halafu wanaelewa. Hata hili la kiunoni kwangu ni la aina hiyo, kwa hiyo vijana mkae mbali na kipande cha ngozi.

Somo ninalowaachia ni hilo la yule mama, sina langu la kuongeza. Kabla hujajisifu kwamba kitu chako kinashika, nenda kamuulize mtu atakayekuwa peke yake nacho kwenye tope. Muulize ukiwa umechuchumaa.

Kuna watu wananiuliza kazi hii ilinigharimu kiasi gani. Mkisikia mahali nimetaja milioni tano, pale nilikuwa najisifu. Mke wangu ndiye aliyeandika, mimi nasoma tu: punda jike mwenye mimba aliyepelekwa Ikinga, gari la kumpeleka, chuma cha mabizimu mapya, mafuta ya pikipiki, na hospitali ya kidole. Jumla, shilingi milioni moja, themanini na mbili elfu na mia tano.